Mmea wa Taa Usiotaka Maji

Hili hutaliamini, na wala sikulaumu, maana hata waliokuwepo wanabishana mpaka leo. Kuna mmea hapa kisiwani kwetu uliokaa juani miaka na miaka bila mtu kuumwagia hata tone. Moto wa porini ukapita juu yake, ukapona. Mbuzi wakautafuna, ukachipua. Halafu ukafa kwa maji! Maji safi ya mvua, yaliyomwagwa na watu wenye huruma. Na mkono ulioshika jagi siku ile ya mwisho… ngoja kwanza. Tutafika.

Mwenye mmea ni Asimina, binti wa Mzee Zanis mjenga kuta za mawe. Asimina alikuwa anafanya kazi bara, kwenye kitalu cha mimea ya sehemu kavu. Kazi yake kuchagua. Mwenye hoteli anakuja analia kwamba nyasi zake zimeungua zote, Asimina anamwambia, "Ng'oa. Nitakupa ya kudumu." Anamtafutia lavenda, rozmeri, mimea ya majani ya kijivu yenye manyoya. Na kila mteja anamwambia neno lilelile: "Usitafute mmea unaovumilia kiu. Tafuta unaojua kulala."

Maana mimea ya kwetu inalala kiangazi, sio baridi. Jua la Julai likikaza, inapukutisha majani, inajikunja, unaiona maiti kabisa. Kumbe iko usingizini inasubiri mvua ya Oktoba. Sasa wewe uione hivyo, huruma ikushike, uimwagie maji na ardhi inachemka? Shina linaoza chini kwa chini. Unaiamsha, na ndio umeiua.

Mama yake, Bi Argiro, hakuwahi kukanyaga kitalu, ila alikuwa na mmea wake mmoja, mmea wa taa. Unaota kwenye mawe ya kilima cha Vigla, mfupi, wa kijivu, kama umevaa sweta la sufu. Maua yake yana vikombe vidogo. Ukivikausha, unaweka kimoja kielee juu ya mafuta ya zeituni, unakiwasha ncha, kinakuwa utambi. Taa zote za mbele ya picha za watakatifu kijijini, na taa zote za makaburini, ziliwaka kwa vikombe vya Bi Argiro. Kila mwaka kabla ya Pasaka alipita nyumba kwa nyumba na kopo lake la biskuti akigawa bure.

Mwaka juzi Agosti moto ukala Vigla yote. Novemba, Bi Argiro akafa hospitali ya bara. Baada ya mazishi, Asimina akapanda kilima peke yake, akatafuta kutwa nzima, akapata kisiki kimoja tu hai. Kimoja! Vingine mbuzi walishamaliza. Akakichimbua, akakipanda juu ya kaburi la mama yake, akakizungushia kokoto. Jiwe la marumaru hakutaka. Mpaka Mei kikawa kama mto wa kulalia, wa kijivu mzuri, kimejaa vikombe.

Juni akaja kukaa na baba yake, maana aliambiwa mzee hali chakula, anakunywa kahawa na kutazama ukuta. Akajaribu kukata vipandikizi apande kwenye vikopo, vyote nane vikakauka. Sio msimu wake. Vipandikizi vya mmea huu vinashika Oktoba. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: ukifika Oktoba, Vigla itapandwa upya. Usipofika, mmea wa mama umekwisha duniani.

"Si mnayo huko kitaluni kwenu?" aliulizwa mkahawani.

"Ipo. Ila sio ya mama."

Sasa tatizo. Kijiji chetu kina desturi. Kwenye lango la makaburi kuna tangi la maji ya mvua na majagi ya bati. Ukiingia kuwasha taa ya mtu wako, unachota jagi. Nusu unamwagia kaburi lako, nusu unawagawia majirani zake, unasema, "Mungu awaburudishe." Kumpita marehemu na jagi mkononi bila kumpa ni aibu kubwa. Tena kaburi la Bi Argiro, aliyempa kila mtu utambi! Kila aliyeingia alimkumbuka. Na kila alivyouona mmea umenyauka Julai ile, alimwongezea.

Asimina akapiga magoti, akagusa udongo. Tope. Akapiga picha shina kwa simu: chini lilikuwa limeanza weusi, kama ukucha uliobanwa na mlango.

Akachukua ubao, akaandika herufi kubwa: TAFADHALI MSIMWAGIE MAJI.

Loo! Hata kofia yake hajaivua nyumbani, habari imeshafika mkahawani, imerudi, imeongezwa chumvi. Bi Marigo wa jirani, mwanamke wa miaka sabini na sauti ya tarumbeta, alimsubiri mlangoni.

"Asimina! Mama yako kakukosea nini?"

"Sio yeye, bibi. Ni mmea."

"Mmea uko juu ya nani? Juu ya punda? Mimi nimeishi miaka yote hii, sijaona mtoto anayeandika kwa wino kwamba mama yake asipewe maji."

"Ukiumwagia unaoza. Umelala tu."

"Umelala!" Bi Marigo akapiga paja. "Mimi mume wangu naye alilala, mwaka wa ishirini huu. Shule mmesoma, akili mmeacha kwenye meli."

Padri Yerasimos naye akaja jioni, akala zeituni tatu, akakohoa. "Binti yangu, wewe una ukweli wako wa majani. Lakini watu hawamwagii majani."

"Mpaka Oktoba tu, padri. Nikishapata vipandikizi wamwage hata pipa."

Padri akamtazama Mzee Zanis. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, mikono mikubwa ya mawe imelala magotini. Padri akaugeuza uso, na Jumapili akawaambia watu kanisani waheshimu ubao. Wakanuna, lakini wakatii. Bi Marigo alikuwa anapita pale na jagi ameligeuzia ukutani, anatembea kama mtu aliyefungwa mguu, ili mbingu ione analazimishwa.

Na udongo ukaendelea kulowa.

Hapo ndipo kichwa cha Asimina kilipoanza kuchemka. Asubuhi anaenda, pakavu. Jioni anaenda, kokoto zinang'aa maji! Weusi umepanda vidole viwili. Jani moja likidondoka analiokota, ananusa: harufu ya kabati lenye unyevu. Akamfuata Bi Marigo dukani, mbele za watu.

"Ni wewe. Unamwaga kisirisiri."

Bi Marigo akaweka mkate chini polepole. Safari hii hakupiga tarumbeta. "Mina. Mimi na mama yako tulinyonya ziwa moja mwaka wa njaa. Umeniambia nisimpe maji, sijampa. Kila siku nampita mikono inaniwasha. Halafu uje uniite mwizi?" Akatoka, mkate akauacha.

Duka zima likamtazama Asimina. Angefurahi ardhi immeze.

Kesho yake hakula mchana. Saa nane, jua likiwa utosini na kijiji kizima kimelala, hata mbwa, akaenda kujibanza nyuma ya kikanisa cha makaburini. Ukuta ulikuwa moto mpaka unachoma mgongo. Alijiambia, leo nitamrekodi, padri amwone kwa macho yake. Simu mkononi, tayari inarekodi.

Lango likalia.

Alikuwa baba yake.

Mzee Zanis, ambaye alikuwa anaaga kila mchana kwamba anakwenda kujinyoosha chumbani. Amevaa koti jeusi la sherehe, kwenye joto lile! Akachota jagi, akaja anaburuta viatu, nusu ya maji inamwagika njiani. Mbele ya ubao akasimama. Akauvulia kofia, kama anauomba radhi. Halafu akainua jagi.

"Baba!"

Jagi likamponyoka, likagonga kokoto, maji yakatiririka njiani. Mzee hakushtuka sana. Alimtazama kama mtoto aliyekutwa na asali mdomoni.

"Mina. Mbona hujalala?"

"Ni wewe? Baba, siku zote hizi ni wewe? Nimemtukana Bi Marigo mbele za watu!"

"Nitamwomba msamaha mimi."

"Unauua! Tazama hapa chini, tazama, pameoza. Nimekuambia mara ngapi? Umelala, baba. Hauna kiu. Umelala!"

Mzee akakaa kwenye ukingo wa kaburi la jirani.

"Waliniambia hivyo hivyo," akasema.

"Nani?"

"Hospitali. Usiku wa mwisho, wewe ulikuwa umerudi huku kisiwani kuchukua nguo zake, meli zimezuiwa na upepo. Akaomba maji. Nesi akasema, mzee, hata tone usimpe, yataingia mapafuni. Akanipa pamba nimguse midomo. Basi. Akaomba tena. Zani, maji. Na glasi iko pale mezani, Mina, imejaa. Mimi nikatii. Mimi nimejenga kuta kisiwa kizima, sijawahi kumtii mtu, siku ile ndio nikatii! Akanitazama. Halafu nesi akaja akasema, usihangaike, hana kiu tena, amelala."

Panzi walikuwa wanalia kwenye ukuta. Asimina simu ilikuwa bado inarekodi, ameishika ikitazama ardhi.

"Miaka arobaini na sita," mzee akasema. "Hakuwahi kuniomba kitu mara mbili. Na sasa nakuja kwake hapa, nakuta ubao. Wa mwanangu."

Sikia hapa. Asimina alijua hesabu yote. Alijua shina limebaki upande mmoja tu mzima, upana wa kidole. Jagi moja zaidi, kwa joto lile, ndio basi. Wiki tisa mpaka mvua. Angeweza kumshika mkono, akamrudisha nyumbani, akafunga lango kwa kufuli, na padri angekubali. Oktoba angekata vipandikizi mia, kilima cha mama kingerudi, vikombe vingerudi, taa zingewaka miaka hamsini. Na mama mwenyewe, aliyeupenda mmea ule, angesema nini?

Mzee akaliokota jagi. Lilikuwa tupu. Akajaribu kusimama, goti likakataa.

Asimina akalichukua mkononi mwake. Akaenda mpaka tangini. Akalijaza mpaka mdomoni, akarudi nalo bila kumwaga tone, akachuchumaa karibu na baba yake, akauweka mkono mzito wa mzee juu ya mpini, na wake mwenyewe juu ya huo. Wakaliinamisha pamoja. Udongo ulifoka, ukanyamaza.

"Mungu akuburudishe, Argiro," mzee akasema.

"Mungu akuburudishe, mama."

Ubao akaung'oa siku hiyohiyo. Bi Marigo akamwagia kesho yake jagi zima, huku akilia na kumsuta Asimina kwa sauti, kwa hiyo wakapatana. Sikukuu ya Mama Maria wa Agosti ilipofika, Asimina aliushika mmea kuufutia vumbi, ukatoka mzima mkononi kama jino la mzee. Hauna mzizi hata mmoja. Akatazama huku na huku, akaurudisha shimoni, akauzungushia kokoto usimame.

Hakurudi bara. Kopo la biskuti lina vikombe vichache chini, na kila jioni anawasha kimoja. Mzee siku hizi anakula, tena anaomba aongezwe maharage. Kila saa nane anavaa koti, anachota jagi, anakimwagia kile kijiti. Halafu anarudi, anakaa kitini, anauliza, na macho yake yametulia kabisa:

"Mina, mmea bado umelala?"

"Bado umelala, baba."

Sasa niambie wewe uliyesoma mpaka hapa. Ungekuwa pale juani, jagi tupu liko mbele yako na baba yako goti limemkatalia, ungelijaza?