Jambo Moja Kila Jumatatu

Mwanangu alioa mwanamke asiyepiga kelele, na hilo ndilo lililonimaliza. Mkamwana mwenye kelele unajua cha kumfanya: unapiga kelele kumzidi, majirani wanakuja, mnapatanishwa, maisha yanaendelea. Huyu wangu aliingia dukani kwetu, duka la dobi la vyumba viwili, akakaa wiki nzima anaangalia tu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba angependa tubadilishe jambo moja. Moja tu, tena dogo.

Jumatatu ya kwanza jambo lenyewe lilikuwa msumari. Aliupigilia ukutani juu ya meza ya pasi ili mkasi uning'inie hapo, usitafutwe kutwa nzima chini ya nguo. Nani atagombana na mtu kwa ajili ya msumari? Jumatatu ya pili alilisogeza beseni la nguo nyeupe mbali na la rangi, hatua tatu. Ya tatu, dawa ya madoa ikapata kijiko cha kupimia. Ya nne, benchi la wateja likageuzwa ili jua lisiwachome machoni. Kila jambo lilikuwa dogo kiasi kwamba ukilipinga, wewe ndiye unayeonekana mkorofi. Nikampa jina la Bi Jumatatu, kwanza moyoni, halafu waziwazi. Aliposikia alitabasamu, na hata tabasamu lake lilikuwa la kupima kwa kijiko.

Wateja walisifu. Nguo nyeupe zilikuwa nyeupe kweli, nami nilitamani zirudi kijivu.

Kazi yangu ilikuwa mlangoni. Miaka ishirini na sita, tangu marehemu mume wangu afungue duka, nilikaa kwenye kigoda kando ya mlango, napokea chafu, nakabidhi safi. Nguo zikishapigwa pasi tulizifunga kwa shuka jeupe la duka na utepe, mizigo yote sura moja, na aliyefunga utepe ni mimi. Kila mteja nilimpa fundo lake. Muuguzi, mafundo mawili yaliyopandana. Muuza nyama, fundo lililobanwa ubavuni. Mwalimu, fundo lenye sikio moja refu. Sikuandika chochote mahali popote. Mteja akichomoza tu kwenye kona, mkono wangu umeshafika kwenye rafu.

Wakati fulani niliugua homa siku mbili. Mwanangu alifungua mizigo kumi na mmoja akitafuta sare za muuguzi, na watu wakarudi kwao mikono mitupu. Niliposimuliwa nilifurahi hadi homa ikapungua. Duka lisiloweza kwenda bila wewe, hiyo ndiyo heshima.

Bi Jumatatu aliyaona hayo kwa jicho jingine. Jumatatu ya tisa alikuja na kadi ngumu za namba, kila moja ina tundu. Utepe unapitishwa kwenye tundu la kadi, unafungwa kitanzi cha kawaida kama cha kiatu, na mteja anaondoka na kadi yenye namba hiyohiyo.

"Mama," akaniambia, "ni ili siku ukitaka kupumzika, mtu yeyote aweze kutoa nguo."

Mtu yeyote. Sikusikia kitu kingine. Msumari, beseni, kijiko, benchi, na sasa zamu yangu imefika. Mwanangu naye alikuwa ameshaanza kusema kwamba mgongo wangu unahitaji kitanda kuliko kigoda. Nawajua wazee waliopumzishwa. Wanawekwa chumba cha ndani, wanaletewa chai, baadaye mtu anapita kuuliza kama wameinywa. Mimi nikitolewa mlangoni, huko ndiko ninakokwenda, na sikuwa tayari kwenda.

Basi Alhamisi mchana, mwanangu amekwenda kununua sabuni na mkewe yuko nyuma anaanika, niliteremsha mizigo miwili: namba kumi na nne, wa mwalimu, na namba kumi na tisa, aproni za muuza nyama. Nikafungua tepe, nikabadilisha kadi, nikafunga tena harakaharaka. Mwalimu sikumtakia mabaya. Nilimchagua kwa sababu ni mtu wa kuheshimika, na akilalamika yeye mwanangu asingeweza kupuuza.

Jioni mwalimu akaja. Nilijidai nimebanwa na kikohozi, Bi Jumatatu akamhudumia mwenyewe, kumi na nne kwa kumi na nne. Mwalimu akainama kwangu kuniaga.

"Niombee, Mama," akasema. "Kesho asubuhi nina usaili. Wanatafuta mkuu wa shule."

Mzigo ulikuwa kwapani mwake. Ningeweza kumwambia aufungue, aangalie. Neno lilifika hadi kwenye meno, nikalimeza, nikamjibu kwamba nitamwombea. Alitoka akitembea kifua mbele.

Ijumaa adhuhuri alirudi amevaa shati ambalo mikono yake iliishia katikati ya viganja na viwiko. Aliziweka aproni mezani bila kuzirusha. Alieleza taratibu kwamba alifungua mzigo alfajiri, akaja akakuta tumefunga, akaazima shati la jirani. Mmoja wa wasaili alimwuliza kama amevaa shati la mwanawe. Wenzake wakacheka, naye baada ya hapo akasahau kila alichokwenda kukisema.

Mwanangu alimgeukia mkewe pale pale. Kadi zako hizi, akamwambia, tulikuwa tunaishi vizuri bila kadi. Maneno hayo niliyasubiri wiki tisa, na yalikuja yote, mbele ya mteja, kama nilivyoyataka.

Bi Jumatatu alikwenda kwenye rafu, akateremsha mzigo namba kumi na tisa, ambao muuza nyama alikuwa hajaufuata, akauweka mezani. Akanyoosha mkono kuvuta kitanzi. Mkono ukasimama.

Hakikuwa kitanzi. Lilikuwa fundo lenye sikio moja refu.

Nililiona pamoja naye, sekunde ileile. Miaka ishirini na sita ya nguo za mwalimu, na mkono wangu ulikuwa umelifunga fundo lake bila kuniuliza. Hakuna mtu mwingine duniani anayelijua.

Aliniangalia. Kisha akauzungusha mzigo, fundo likawa upande wake, akapeleka mkono ukutani bila kutazama, akauchukua mkasi kwenye msumari wake, akaukata utepe. Kile kipande chenye fundo akakitia mfukoni.

"Kosa ni langu, Mwalimu," akasema. "Nisamehe."

Mwalimu alichukua nguo zake, akaniaga mimi kwa heshima kuliko siku zote. Mwanangu alimsema mkewe hadi tunafunga duka, na yeye alisimama anakunja mashuka, hakunitaja. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu, nimeshinda, na nilijisikia kama mtu aliyekula sabuni. Siku hiyo nilimchukia kuliko siku zote zilizotangulia. Kuumizwa na adui kunazoeleka. Kufichiwa aibu na adui, sijui kunazoewaje.

Jumatatu ilipofika, alisubiri mumewe aende nyuma kuwasha pasi. Akachuchumaa mbele ya kigoda, akaniwekea kile kipande cha utepe mapajani.

"Jambo la wiki hii, Mama. Kila mzigo, kadi na fundo, vyote viwili. Namba nitaandika mimi, fundo utafunga wewe. Mzigo usio na fundo lako hautoki. Ukitoka na fundo lako na ndani mna nguo za mtu mwingine, najua pa kuuliza."

"Kwa nini hunitoi tu?" nikamwuliza.

"Ningetaka kukutoa, ningeuacha utepe mezani Ijumaa."

Nilidhani amemaliza, na tayari nilikuwa natafuta la kumchoma. Akainuka, akajifuta magoti.

"Halafu leo mchana utakwenda kwa mwalimu, umwambie. Utakwenda peke yako."

"Ulisema jambo moja kila Jumatatu."

"Hilo si la duka," akasema.

Asubuhi nzima nilifunga mafundo. Niliyakaza kwa nguvu zangu zote ili kucha zake zivunjike siku atakayotaka kuyafungua. Hakulalamika, alipitisha kadi, akasubiri, akapitisha nyingine. Jua lilipofika juu ya paa la jirani niliinuka. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukiacha kigoda saa za kazi, ukiondoa ile homa. Sikuwa na sababu ya kubeba kitu, na mikono haikujua ikae wapi.

Kwenye kona niligeuka, kumkamata. Nilijua nitamkuta ameshakikalia kigoda. Wateja walikuwa wawili, na Bi Jumatatu alikuwa anapokea nguo zao amesimama, ameinama kidogo kuelekea mlangoni, na kigoda kiko pembeni yake kitupu. Hata kwa hilo nilimchukia. Nikaendelea na safari kwenda kwa mwalimu.