Fundo Juu ya Kichuguu

Nilipouona moshi ukitoka kwenye kichuguu changu, niliacha sombe langu la majani ya muhogo motoni, nikachukua jembe. Watu wa kijiji chetu, hapa kando ya kambi ya jeshi iitwayo Base ya Kamina, wanajua kwamba Kyabu akipita na jembe saa za kupika haendi kulima. Walinipisha.

Kichuguu kile nilikirithi kwa mama yangu. Kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama nyumba. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka humo. Sisi tunawaita nswa. Tunawakaanga, tunawakausha, tunawauza. Mimi ni mjane, shamba langu ni la kuchekesha, na nswa wa mwaka uliotangulia ndio walionivisha na kunilisha. Ili mtu asijidai hakujua, mwenye kichuguu hufunga fundo la majani kwenye kijiti na kukisimika kileleni. Hata mlevi akiliona fundo lile hupita mbali.

Huyu hakuwa mlevi. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyechimba shimo ubavuni mwa kichuguu na kuwasha moto ndani. Mkononi alishika fundo langu, anafagilia majivu.

"Weye! Ile unashika ni nini?"

"Ni fagio, Citoyenne," alijibu kwa adabu, kwa lile neno la maofisini la kumwita mwanamke raia. "Niliikuta pale juu."

Fagio! Nilitafuta tusi la kutosha, sikulipata.

"Citoyenne iko ku bureau," nikamwambia. "Hapa iko Mama Kyabu, na kichuguu iko yangu. Nani alikupatia ruhusa?"

"Unisamehe, Mama. Minyi nilizania kichuguu ni ya Mungu."

"Na nyumba yako? Njo ya Mungu pia? Niingie nilale?"

Jina lake lilikuwa Ngalula, mzaliwa wa Kasai. Mumewe, askari, alikuwa amehamishiwa mbali na bado hajaiita familia. Alikuwa na watoto watatu. Padri Umba alikuwa amewagawia wake wa askari walioachwa nyuma mfuko mmoja mmoja wa unga wa ngano, waanze kazi ya mikono yao. Sisi wenyeji tulipewa baraka. Jumapili baada ya misa kila mmoja alitakiwa aonyeshe mkate wake. Mwenye mkate angepewa mfuko wa pili, na asiye nao ndiyo basi. Siku ile ilikuwa Ijumaa.

"Sina feza ya furu ya chuma," alisema Ngalula, akimaanisha tanuri. "Nilisikia bantu ya huku banapikaka mukate mu kichuguu."

"Banapikaka," nilisema, bila kumwambia ni kichuguu gani. Niliketi juu ya mpini wa jembe langu. Nakiri kwamba niliketi ili nimwone akiharibikiwa. Hasira yangu inajua kusubiri.

Alikokota makaa nje, akaingiza makopo yenye unga uliokandwa, akaziba mdomo wa tanuri kwa bati na udongo. Haukupita muda dari likaporomoka. Kichuguu kilicho hai kimejaa vijia ndani, na moto ukikikausha kinabomoka. Alipofukua, mikate ilikuwa imelaliwa na udongo na mchwa waliokufa. Mchwa wazima walimpanda mikononi wakimng'ata.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu, maana yeye hakulia wala hakunitukana. Alikaa chini, akatoa udongo kwenye mkate mmoja baada ya mwingine, akaviweka vipande safi kwenye kitambaa.

"Ya batoto," alisema, kana kwamba nimemuuliza. Halafu akaupima kwa viganja unga uliobaki mfukoni.

Kicheko kilinikauka. Niliona aibu, mtu mzima kama mimi, kukaa kitako nikitazama chakula cha watoto kikizikwa.

"Simama," nikamwambia. "Kichuguu ile iko muzima. Mukate inapenda kichuguu ya kufa. Kuya."

Nyuma ya jiko langu kuna kichuguu kilichokufa zamani. Marehemu mume wangu alikuwa akichukua humo udongo wa matofali. Tulikichimba Ijumaa hiyo, tukaendelea Jumamosi asubuhi, mimi kwa jembe, Ngalula akilainisha ndani kwa kijiko. Nilimkaripia kila dakika, naye aliitikia "Ndiyo, Mama" mpaka nikachoka mimi. Alasiri tulibandua bati. Mikate ilikuwa imeumuka vizuri, na harufu yake ilileta majirani ambao mwaka mzima hawakuwa wamenisalimu.

Jumapili Padri Umba alitafuna kipande, akatafuna cha pili, akaagiza Ngalula apewe mfuko mwingine. Ngalula hakuondoka.

"Padri, furu iko ya Mama Kyabu. Umupatie naye kitu."

Padri akaniuliza kama nataka unga.

"Bunga nitafanya nayo nini? Unipatie chumvi. Ya nswa."

Kanisa zima lilicheka, lakini chumvi nilipewa.

Tangu siku hiyo Ngalula alioka kwangu kila asubuhi na kuuza kwenye lango la kambi. Kila jioni, akikung'uta mfuko, aliuliza, "Mama, na kesho nitakuya?" Nami nilijibu, "Tutaona." Nilikuwa nangoja mvua. Jeraha la kichuguu changu tulikuwa tumeliziba, nikafunga fundo jipya, lakini sikujua nswa waliochomwa moto wanafikiria nini. Wasipotoka, nilijiambia, mama huyu atafungasha makopo yake.

Mvua ilikuja Novemba. Ilipokatika tulifunika kichuguu kwa majani ya migomba, tukachimba shimo la kuwanasia, tukakaa. Upande wa jeraha hakutoka hata mmoja. Upande wa pili walitoka, tukajaza kapu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimejaza makapu mawili.

"Moja tu," alisema Ngalula polepole. Jioni ile hakuuliza swali lake.

Asubuhi nilimkuta anakusanya makopo.

"Unafanya nini?"

"Nabeba bitu yangu, Mama. Nilikuharibia."

Maneno hayo yalinikera kuliko lile fagio. Nilikuwa nimemzoea, ndiyo kweli yenyewe, na nyumba yangu ilikuwa imeizoea harufu ya mikate yake. Nilikwenda kukata majani, nikafunga fundo, nikapanda juu ya kichuguu kilichokufa, nikalisimika.

Ngalula alikunja uso. "Ile haina nswa, Mama. Unafunga nini?"

"Sifungi yangu. Nafunga yako."

Kwetu aliyefungiwa fundo hafukuzwi, hata na aliyelifunga. Hilo alikuwa ameshalijua. Alilitazama fundo, makopo kifuani. Kisha akayarudisha tanurini, akaingia jikoni kwangu bila kupiga hodi, akachukua fagio.