Deni la Marehemu Munyakazi

Languida alizaliwa Goma, na Goma mtu akikudai anakuja mlangoni kwako na sauti yake yote. Aliporudi Gisenyi, kwao wazazi wake ng'ambo ya mpaka, mwaka tisini na tano na kufungua duka, majirani walimfundisha adabu nyingine: hapa mwenye kudai ndiye anayeona haya. Basi akamsubiri Munyakazi, mvuvi aliyekopa nyuzi za nyavu na mafuta ya taa mpaka deni likafika faranga elfu arobaini. Munyakazi akafa kwa malaria.

Ikabaki nafasi moja tu. Siku ya kumaliza matanga, msemaji wa ukoo husimama na kuuliza: nani anamdai marehemu? Asiyesema hapo, deni lake limezikwa. Na Kadiri, aliyemkopesha Languida bidhaa kutoka Goma, alikuwa amempa mpaka Jumatatu. Asipolipa, Kadiri anabeba kila kilichomo dukani.

Msemaji akauliza. Languida akamtazama mjane, Mukagasana, kichwa kimenyolewa, macho makavu. Akajiuliza: Nitamdaije mtu aliye hivi? Msemaji akauliza tena, kisha akafunga maneno, watu wakarudi kwenye pombe yao.

Jumatatu Kadiri alikuja na mkokoteni. Languida alimsaidia hata kufunga kamba. Walikuwa wakipakia sabuni Mukagasana alipotokea.

"Dada, sababu gani haukusema?"

"Nilikuonea huruma."

"Huruma? Munyakazi aliniachia franga yako yote, elfu makumi ine. Alisema, Languida akisimama, umupe. Nilikuwa nayo mu kitenge, nimeifunga fundo. Nikakuangalia, nikakuangalia."

"Si unipe sasa?"

"Shemeji zangu walisema, bon, hakuna deni, ni mali ya ndugu yetu. Walikunywa yote siku ile ile."

Languida aliingoja hasira. Haikuja. Kadiri akauliza kama dumu la mafuta nalo linaondoka.

"Beba," alisema.

Mukagasana akatoa chupa tupu chini ya kitenge. "Nilikuja kukopa kidogo ya taa. Kule nyumbani iko giza."

Languida akamzuia Kadiri, akainamisha dumu, akaijaza chupa mpaka shingoni.

"Utanilipa lini?" akauliza, kwa sauti ya Goma, mtaa mzima ukasikia.

Mukagasana aliinamisha macho kwa haya. Kisha akayainua.

"Siku ya posho, Jumamosi hii," akajibu, kwa sauti ile ile.