Vistari Kwenye Kioo cha Nahodha

Kwaruuu. Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya sakafu ya boti, gizani, nikikaza waya wa betri, na mlio huo ukapita chini ya tumbo langu kutoka mbele hadi nyuma, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria kubwa. Mchanga. Boti ya mama yangu ilikuwa inakwangua mchanga, na aliyeshika usukani alikuwa mjomba, mdogo wake Mama, siku hiyohiyo ambayo mkaguzi wa vyombo alikuwa amepanda kuamua kama mjomba ataendelea kuwa nahodha au atakwenda kutafuta kazi ya kukaa.

Nikajiambia haiwezekani. Mitambo nilikuwa nimeifunga mimi mwenyewe, na mimi sifungi kitu kikashindwa.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeng'oa kipima kina cha zamani, lile sanduku lililokuwa likipiga kelele kila maji yakipungua. Nikaweka kisanduku kipya kinachotuma kina cha maji, kasi na upepo kwa waifai hadi kwenye tableti iliyo mbele ya usukani. Simu yoyote ndani ya boti nayo inaweza kusoma. Nywila sikuweka. Kazi nzuri ya nini kuificha? Asubuhi ile niliwatangazia abiria wote, yaani ndugu zetu ambao Mama aliwaita waje wajaze viti: ingieni, mjionee boti inavyofikiri. Binamu zangu wakaingia. Shangazi akaingia akidhani ni intaneti ya bure, akabaki anasubiri picha ya harusi ya mtu ifunguke. Hata mkaguzi akaingia. Nikavimba kama puto.

Jambo moja nililidharau: kisanduku kile kinabeba vifaa vinane tu. Cha tisa kikibisha hodi, kinakaribishwa, na kilichotangulia kuingia kinatimuliwa. Kilichotangulia kuingia kilikuwa tableti ya nahodha.

Nikatoka shimoni nimejaa grisi hadi masikioni. Boti ilikuwa bado inakwenda, polepole. Mjomba alikuwa amesimama wima, kofia nyeupe kichwani, kidevu juu, akitangaza kwa sauti ya msoma taarifa ya habari kwamba tuna mita nne, maji tele, mlio ule ni gogo tu, watu watulie.

Nikatazama tableti. Mahali pa namba palikuwa na vistari viwili. Vistari, basi. Hapakuwa na mita nne wala mita ya fundi cherehani.

Nilidhani anatania. Kisha akainama kidogo, akavikodolea macho vile vistari kwa heshima zote, akatangaza mita nne na nusu.

Hapo nikaelewa, na damu ikanichemka. Miaka yote hiyo mjomba alikuwa anaendesha kwa masikio. Sanduku la zamani likipiga kelele, anakata kona. Likinyamaza, anapiga mluzi. Mimi, fundi bingwa, nilikuwa nimeling'oa na kumletea kioo kisicho na sauti, chenye tarakimu kama chawa. Naye kwa kiburi, ambacho kwetu ni mali ya ukoo, hakusema neno.

Mkaguzi akainua simu yake, akasema kwake inaonyesha mita moja na robo. Shangazi naye kwake hivyohivyo. Benchi zima likadakia, kila mtu na simu yake, moja na robo, moja na robo, kama darasa linaloimba hesabu. Mjomba akasema simu za siku hizi zimejaa uongo. Nikafungua mdomo nimwokoe; nilikwisha kuandaa uongo mzuri kabisa kuhusu betri. Mama akaniwahi.

"Mdogo wangu," akasema kutoka kwenye kiti chake cha tiketi, bila kupandisha sauti, "nisomee kilichoandikwa hapo mbele yako."

"Nne na..."

"Soma. Usikumbuke."

Mjomba akatoa gia. Injini ikabaki inanguruma, boti haiendi popote. Hata shangazi akaweka simu chini, jambo ambalo halijawahi kutokea msibani wala harusini.

"Sioni," akasema. "Naona weupe tu."

Mkaguzi hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kwa kuwa hakuna mwingine mwenye leseni humu ndani, mjomba aturudishe gatini taratibu huku akisomewa. Kumpitisha, hampitishi. Atarudi mwezi ujao. Akimkuta bado hasomi mwenyewe, usukani utafutiwe mtu.

Nikawafukuza wote kwenye mtandao, nikaweka nywila, nikamkabidhi Mama tableti. Shangazi akalalamika kwamba picha yake ndiyo kwanza ilikuwa inataka kufunguka. Mama akasimama ubavuni kwa mdogo wake, akamsomea: moja na nusu, mbili, kushoto kidogo wewe mbishi, tatu. Mjomba akanung'unika kwamba maji haya anayajua. Mama akasema hata mchanga wake anaujua, ndiyo maana amepita kuusalimia.

Tulipofunga kamba gatini, hakuna aliyeshuka. Mjomba akazima injini, akavua kofia, akamgeukia Mama mbele ya ukoo mzima na mkaguzi.

"Dada," akasema, "kesho asubuhi nakwenda kupimwa macho. Na miwani watakayonipa nitaivaa mbele ya watu hawahawa, hata iwe mikubwa kama vioo vya gari."