Wimbo wa Kung'olea Jino

Kila Ijumaa asubuhi, kabla wagonjwa hawajafika, karani wa mapokezi katika kliniki ya meno alikuwa akitafuta nyimbo mpya za wanamuziki wanaojirekodi wenyewe nyumbani. Alipenda zile za taratibu, zenye vinanda vinavyoelea na sauti kama ya mtu anayeimba usingizini. Daktari alimtania kwamba zingemlaza yeye daktari kabla ya mgonjwa.

Ijumaa moja alikuja fundi wa kuchomelea vyuma, pande la mtu, ambaye mara mbili alishatoka mbio kabla ya kung'olewa jino. Safari hii pia alishika kitasa.

"Kaa kwanza, kaka," karani alimwambia. "Kuna wimbo umetoka jana, na waliousikia hawafiki ishirini. Sikiliza huu tu, kisha uende zako."

Fundi akaketi shingo upande. Baada ya dakika mbili mabega yake yalishuka. Wimbo ulipokwisha aliomba urudiwe, na uliporudiwa alikuwa ameshajilaza kwenye kiti cha daktari.

Jino lilitoka. Akiwa na pamba kinywani, akauliza kwa shida, "Huyu dada anajua tunamsikiliza?"

"Hajui. Tumwambie?"

Wakamwandikia pamoja, na jibu likaja fundi akiwa bado pale. Mwimbaji alisema ameusoma ujumbe wao mara tatu, na kwamba wimbo wa pili, aliokuwa akisita kuutoa, atautoa wiki ijayo.

Fundi akamgeukia karani. "Nina jino jingine bovu," alisema. "Niandikie miadi ya Ijumaa ijayo."