Mama Oda

Karanga zilikuwa za moto, lakini kilichomuunguza Mwanaiddi ni karatasi zilimofungwa. Aliifungua taratibu juu ya goti, akaona zoezi la sehemu: nusu, robo, thumni. Hakuhitaji kuangalia mara mbili. Ilikuwa karatasi ya kitabu chake.

"Manyanda," alimwambia muuza karanga, "karatasi nyingine huna?"

"Zipo, lakini hizi zako ndiyo ngumu, Mama Oda. Hazichaniki."

Akacheka. Fundi viatu aliyekaa pembeni naye akacheka, sindano iko mdomoni.

Mama Oda. Jina hilo mji wa Mpanda haukumpa kwa mapenzi. Mwaka juzi aliagiza kitabu cha Hisabati kabla hakijatoka, akajaza nyumba. Kilipotoka kikakutwa na makosa, waliokichapisha wakakisahihisha na kutoa kingine, na shule zote zikataka hicho kingine. Vya kwanza vikabaki kwake. Mvua ilivifikia, panya wakazalia humo, na mwisho akavitoa kwa Manyanda kwa kilo. Tangu hapo kila aliyenunua karanga alifungiwa pamoja na mkosi wa Mwanaiddi, bure, bila kuongeza senti.

Biashara iliyomtia hamu ya kuamka ilikuwa meza moja ya mbao kwenye baraza la fundi viatu: madaftari, kalamu, rula, na vitabu vichache alivyovifunika nailoni kwa ajili ya vumbi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la milango miwili ya bluu, na juu yake ubao: ATHUMAN VIFAA VYA SHULE. Athuman alikuwa mumewe. Aliyekuwa ndani sasa ni Haidari, mdogo wake Athuman. Siku Mwanaiddi alipotoka eda alikuta rafu ya vitabu imesimamishwa nje juani.

"Chukua makaratasi yako, shemeji," Haidari alimwambia. "Duka ni la ukoo."

Hawakujaliwa mtoto, yeye na Athuman, na mjane wa namna hiyo ana robo yake katika mirathi. Robo hiyo aliidai kwa shehe, akaidai kwenye baraza la kata, na alipochoka kuidai kwa mdomo akawa anaidai kwa macho, kila asubuhi, kutoka ng'ambo. Aliapa hatavuka ile barabara mpaka avuke kama mwenye duka. Hata oda zake zote aliziandikisha kwa jina la ubao ule, makusudi, ili kule Dar es Salaam angalau wajue Athuman ana mke.

Alikuwa bado anazitafuna karanga kwa hasira pale Mwalimu Dina alipofika. Dina alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Inyonga, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, na ndiye mteja pekee wa maana aliyekuwa bado anamwita kwa jina lake.

"Bi Mwanaiddi, kile kitabu kipya cha darasa la sita kinatoka lini?"

"Karibuni tu, mwalimu."

"Nikuachie wewe, au nivuke?" Akaelekeza kidevu kwenye milango ya bluu. "Nakuuliza wazi. Wazazi wa shule yangu wameuza asali wakachanga. Nikirudi mikono mitupu watasema mwalimu kala asali yao. Kuna mmoja kashaanza kusema."

"Usivuke, mwalimu. Kikitoka tu, vya kwanza ni vyako."

Dina akakubali kwa kichwa. Mwanaiddi alijiona kama aliyepewa mtoto mchanga ashike.

Haikupita wiki, Fredrick akapiga simu. Huyu alikuwa kijana wa ghala la vitabu Dar es Salaam, aliyekuwa akimhudumia tangu enzi za Athuman.

"Mama yangu, weka oda saa hizi. Hivi vitabu vya mtaala mpya watu wanavililia. Ukisubiri itakuwa kugombania."

"Fredi, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nilishauziwa mbuzi kwenye gunia. Safari hii nataka kwanza nisikie vimetoka."

"Ila mama, mambo ya huku..."

"Hamna ila. Wewe niambie vimetoka. Basi."

Akakata simu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi alijiona amepata akili. Wajinga ndio wanaoagiza kitu ambacho hakijaonekana. Yeye angengoja. Alingoja vumbi likija na kuondoka, alingoja Manyanda akimaliza ukurasa baada ya ukurasa, na kila simu ikilia aliirukia.

Ujumbe uliingia asubuhi moja, mfupi: Mama vimetoka.

Mwanaiddi alisimama hadi meza ikatikisika. Akaandika: Niwekee vya Inyonga. Jibu likaja: Sawa mama. Hapo hakuweza kujizuia. Haidari alikuwa mlangoni kwake, kikombe cha chai mkononi, na miaka ya kunyamaza ilimwasha kooni.

"Shemeji Haidari!" alipaza sauti juu ya bodaboda. "Vitabu vimetoka! Na mimi sikununua mbuzi kwenye gunia!"

Haidari alipuliza chai yake. "Nasikia, shemeji. Hongera."

Ile hongera haikumkalia vizuri, lakini alikuwa na furaha mno kuipekua. Alimpigia Dina, akamwambia wiki ijayo apande basi aje.

Siku aliyotarajiwa Dina, Candide alitokea stendi akisukuma mkokoteni. Candide alikuwa kuli wa miaka mingi, mwenye asili ya Burundi, na juu ya mkokoteni wake yalikuwepo maboksi yenye chapa ya wachapishaji. Kwa wino mzito yaliandikwa: ATHUMAN VIFAA VYA SHULE, MPANDA.

"Huku, Candide! Lete huku!"

"Mama, mimi nasoma jina tu. Jina liko pale juu." Akaonyesha ubao. "Huku kwako ubao uko wapi?"

Mwanaiddi alilishika boksi la juu. Candide alilishika upande wa pili, kwa adabu, bila kuliachia. Walikuwa wanavutana hivyo pale Haidari alipovuka barabara, mikono nyuma.

"Oda yangu hiyo, shemeji. Niliiweka kabla hata ya masika. Watu wazima huwa tunaweka mapema."

Mwanaiddi alipiga simu Dar es Salaam, akaweka sauti kubwa ili mtaa mzima usikie jinsi Haidari anavyoumbuka. Hilo ndilo kosa alilokuja kulijutia kuliko yote.

"Fredi! Si ulinambia vimetoka?"

"Ndiyo, mama. Vimetoka vyote. Ghalani hakuna hata kimoja. Ulisema nikwambie vikitoka."

"Kutoka ni kuchapishwa, wewe mtoto!"

"Kuchapishwa ni kuchapishwa, mama. Sisi watu wa ghala tukisema vimetoka, vimetoka. Vimeenda kwa waliotanguliza oda. Wewe nimekuwekea mkupuo ujao. Mwakani."

Wa kwanza kucheka alikuwa Manyanda. Kisha fundi viatu. Kisha neno likashika njia lenyewe: vimetoka, vimetoka, mpaka mwendesha bodaboda aliyepita hata bila kujua kisa akapiga honi, akaitikia. Mwanaiddi alisimama katikati yao, simu bado inasema mama, mama, upo?

Dina alikuta kicheko hakijaisha. Alisimuliwa na watatu kwa mpigo. Alipoelewa alimgeukia Mwanaiddi, na uso wake haukuwa na huruma.

"Uliniambia nisivuke."

Akavuka. Mwanaiddi alimwona akiingia mlango wa bluu, akamwona akitoka mapema kuliko mtu anayenunua.

"Anavyo vya ziada," Dina alisema. "Lakini kanikatalia. Anasema mteja wa shemeji hahudumiwi pale mpaka shemeji aende mwenyewe."

Mwanaiddi alifunga mtandio vizuri, akavuka. Ndani mlinukia gundi na karatasi mpya, harufu ileile. Kiti cha Athuman kilikuwa palepale, kimewekewa mto. Haidari hakusimama.

"Karibu, shemeji. Mwalimu atapata vitabu vyake, mimi si mtu mbaya. Ila mji huu umechoka na maneno yako. Sema hapa mlangoni, watu wasikie, kwamba katika duka hili huna robo."

"Bi Mwanaiddi, usiseme," Dina alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini. "Nitapanda basi hivihivi."

Mwanaiddi alimchukia Haidari, hilo halikuwa jipya. Lakini dakika ile alimchukia na Dina pia, kwa kuwa mwema wakati usiofaa. Angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi kumwacha arudi Inyonga akatemewe mate na watu wa asali. Aligeuka, akaikabili barabara.

"Haya sikieni, nyie!" alisema, na sauti yake ikamfikia Manyanda, ikampita. "Duka ni la Haidari! Na mlango ni wake, na mizani ni yake, na kiti cha maiti ni chake, na panya wa darini ni wake! Robo sina, thumni sina, hata pumzi ya humu sina! Mmesikia? Basi mpe mwalimu vitabu!"

Hakuna aliyecheka. Haidari alitaka kuona machozi, na sasa hakujua aweke wapi macho yake. Alifunga maboksi kwa kamba, mikono ikikosea fundo.

"Haya, mmepata," alisema. "Tokeni."

Wakatoka. Candide alisukuma mkokoteni hadi stendi bila kupatana bei. Dina alipanda basi, maboksi yakawekwa miguuni pake, na Mwanaiddi alingoja chini ya dirisha.

"Na mwakani, mwalimu?"

"Tutaona," Dina alisema, na basi likaondoka.

Aliporudi kwenye meza yake alikuta ujumbe wa Fredrick. Samahani sana mama. Cha darasa la saba bado hakijatoka. Hakijatoka kote kote. Tunapokea oda leo. Nikuwekee? Na niandike kwa jina la duka gani?

Mwanaiddi aliinua macho. Ng'ambo, Candide alikuwa anapumzika kivulini mwa ubao ule. Alilisoma jina la mumewe herufi baada ya herufi, kama anayesoma kwa mara ya mwisho kitu alichokiazima. Kisha akaandika: Niwekee. Kwa jina la duka akaandika: Mama. Hapo kidole kikasimama.

"Manyanda," aliita.

Manyanda aligeuka. "Naam."

"Lile jina mlilonipa. Mnaliandikaje?"

Manyanda alikuwa ameshachana ukurasa, amekunja nusu ya koni, ameshika karanga kwenye kiganja kingine. Alibaki hivyo, karatasi mkononi, asijue amimine au aikunjue.