Mwizi wa Sufuria za Presha

"Verlene, irudishe," Roxie alisema, mikono kiunoni. "Maharage yananisubiri."

"Sijui unasema nini, dada."

"Hujui! Na huo mkoba uliovimba kama una mimba ya mapacha?"

Wanawake waliokuwa wakikata vitunguu kwa ajili ya chakula cha Jumatano kanisani waliangua kicheko. Verlene aliukumbatia mkoba wake. Ndani ya mkono mrefu wa blauzi, ambao hakuukunja hata joto la Kentucky lilipochemsha lami, kovu lilimwasha.

Sufuria ya presha kama ile aliyoificha mkobani iliwahi kumlipukia jikoni. Aliishtaki kampuni iliyoitengeneza, kampuni ikamlipa, mahakama ikalifunga faili lisisomwe na mtu. Verlene naye akatia sahihi kwamba hatatamka neno. Akitamka, atazirudisha fedha zote, na nyumba anayolala ndiyo fedha zenyewe. Angewaonyaje wenzake? Akaona bora aibe. Aliiba ya mke wa mchungaji, akaiba ya jirani, na leo ya Roxie, mpya, lebo ingali juu yake. Jina la mwizi alilimeza kama dawa chungu.

Simu ikalia. Alikuwa wakili wake.

"Mama Stamper, lile ombi la gazeti la wilaya la kutaka faili lako lifunguliwe limekubaliwa. Jaji amelifungua faili. Kila mtu anaweza kulisoma."

"Na mimi je?"

"Lililomo humo si siri tena, liseme upendavyo. Hakuna wa kukudai hata senti."

Verlene aliketi kwanza. Kisha akaitoa sufuria mkobani na kuiweka mezani.

"Haya! Mnaona?" Roxie alipiga makofi. "Mwizi kajitoa mwenyewe!"

Verlene akakunja mkono wa blauzi hadi juu ya kiwiko. Wanawake wakaacha vitunguu, wakasogea karibu.

"Kifuniko chake hufunguka mvuke ungali ndani," alisema. "Kampuni ilijua. Nami nilizibwa mdomo mpaka sasa hivi."

Roxie aliligusa kovu kwa ncha ya kidole. "Na mimi nakuita mwizi kila Jumatano."

"Hukukosea. Zote zipo bandani kwangu."

Kicheko kilichofuata kilichanganyika na machozi. Roxie akateremsha sufuria kubwa ya kawaida kutoka rafuni.

"Maharage yatachelewa, dada."

"Yachelewe," Verlene alisema, akavuta kiti na kuwasimulia tangu mwanzo. Yalipoiva, alikuwa bado anaongea.